Mama Grace Onyango: Kutoka Baraza la Manispaa ya Kisumu hadi Bungeni

Wakaazi wengi wa jiji la Kisumu wamewahi kuingia katika ukumbi wa kijamii unaoitwa Mama Grace Onyango. Wapo walioenda kwa mkutano wa kutoa maoni kuhusu bajeti, wengine kwa mafunzo ya vijana au mkutano wa chama cha akiba. Lakini ukimuuliza kijana wa miaka 20 aliyekaa kwenye kiti cha nyuma Mama Grace alikuwa nani, huenda akakujibu kwamba alikuwa "mama fulani wa zamani wa siasa". Wengine humchanganya na Grace Ogot, na si ajabu. Wote wawili waliitwa Grace, wote wawili wana uhusiano na Gem, na wote wawili walikuwa wabunge. Grace Ogot alikuwa muuguzi na mwandishi wa vitabu, na mwaka 1985 alishinda uchaguzi mdogo wa Gem. Huyu tunayemzungumzia hapa alimtangulia kwa miaka mingi.

Grace Monica Akech Onyango alizaliwa mwaka 1924 huko Gem, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Siaya. Alisomea ualimu na kufundisha wakati ambapo msichana kumaliza shule ilikuwa habari ya kijiji kizima. Mwaka 1965 akawa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini Kenya. Mwaka 1969 akachaguliwa kuwa mbunge wa Kisumu Town, na hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa katika Bunge la Kenya huru kabla yake. Alifariki tarehe 8 Machi 2023, Siku ya Kimataifa ya Wanawake, akiwa na umri wa miaka 98.

Hayo ndiyo yanayoandikwa kwa kawaida, na yanatosha kwa hotuba ya dakika mbili. Makala haya yanataka kueleza zaidi: vyeo hivyo vilikuwa na maana gani, alivipata katika mazingira gani, na vina uhusiano gani na viti ambavyo wewe mkaazi utavipigia kura tena mwezi Agosti 2027.

Meya alikuwa nani?

Kijana aliyezaliwa baada ya Katiba ya 2010 hajawahi kuona meya akiwa kazini. Kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, miji ya Kenya iliendeshwa na mabaraza. Mji mkubwa kama Kisumu ulikuwa manispaa, na mwaka 2001 ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Wananchi walichagua madiwani katika wadi zao. Madiwani walipokutana, walimchagua meya kutoka miongoni mwao. Kwa hiyo meya hakupigiwa kura na mji mzima kama anavyopigiwa gavana leo. Alipaswa kwanza kuaminiwa na wenzake waliokaa naye mezani.

Jambo hili linafaa kutiliwa maanani tunapomzungumzia Mama Grace. Kiti cha meya kilibaki wazi baada ya kifo cha aliyemtangulia. Madiwani wa Kisumu wakati huo karibu wote walikuwa wanaume, na Uhuru ulikuwa na umri wa miaka miwili tu. Wakamkabidhi mwalimu mwanamke mkufu wa umeya. Nairobi, mji mkuu, ilisubiri hadi mwaka 1970 kumpata meya mwanamke, Margaret Kenyatta. Ni miaka mitano baada ya Kisumu. Tunajua watu wa huku hupenda kusema kwamba Kisumu hutangulia mambo; katika hili, wana haki ya kujigamba.

Kazi ya meya haikuwa kuvaa joho na kukata utepe tu, ingawa hayo yalikuwepo. Yeye ndiye aliyeongoza mikutano ya baraza, na baraza ndilo lililoamua mambo yanayomgusa mtu kila siku: maji ya mfereji, takataka, taa za barabarani, nyumba za kupangisha za manispaa, zahanati, shule za msingi za mjini, leseni za biashara na ada za sokoni. Karani wa mji ndiye aliyesimamia wafanyakazi na makaratasi. Juu ya wote alikuwa Waziri wa Serikali za Mitaa huko Nairobi, ambaye aliweza kukubali au kukataa maamuzi makubwa ya baraza.

Ukiisoma orodha hiyo tena utaona kwamba mambo mengi ndani yake ni yale yanayomwangukia mwanamke wa mjini kwanza. Mfereji ukikauka, ni yeye anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta maji. Ada ya soko ikipanda, ni muuza omena na muuza mboga wanaoihisi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mji ambao soko lake linaendeshwa kwa sehemu kubwa na akina mama ulikuwa umeamuliwa mambo yake na chumba kilichojaa wanaume. Mwaka 1965 mpangilio huo ulibadilika kwa kiti kimoja, ambacho ndicho kilichokuwa mbele.

Leo hakuna meya. Majukumu yale yamegawanywa. Gavana, anayechaguliwa moja kwa moja na kaunti nzima, anaongoza serikali ya kaunti pamoja na kamati yake kuu. Bunge la Kaunti linatunga sheria za kaunti, linapitisha bajeti na kuikagua serikali. Jiji la Kisumu lina bodi na meneja wa jiji chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Mtu mwenye malalamiko kuhusu takataka sokoni, ambaye zamani angemtafuta diwani, leo anaweza kuanza na mwakilishi wadi wake au ofisi ya meneja wa jiji.

Wiki sita za mwaka 1969

Wasomaji wenye umri wa miaka 65 na zaidi hawahitaji kukumbushwa mwaka 1969. Kwa wengine, ni vigumu kuelewa ushindi wa Mama Grace bila kujua mji ulikuwa umepitia nini.

Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu kama Makamu wa Rais na kuondoka KANU, akaanzisha chama cha Kenya People's Union, KPU. Nyanza ikawa ngome ya chama hicho. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1968, karatasi za wagombea wote wa KPU nchini zilikataliwa kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ile ambayo wazee bado wanaiita "Russia" na ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Kulizuka vurugu, na maafisa wa usalama wakafyatua risasi kwa umati. Serikali ilitaja vifo 11. Familia nyingi za hapa zimeendelea kusema kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi ya hapo. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake, Jaramogi akiwemo, wakawekwa kizuizini.

Kisha, tarehe 6 Desemba 1969, wiki sita kamili baada ya risasi zile, watu wa Kisumu waliitwa kwenda kupiga kura.

Kilikuwa chama kimoja tu kilichobaki. Kwa hiyo uteuzi wa KANU ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe: aliyeshinda hapo alikwenda Bungeni. Nchi nzima, wagombea zaidi ya 600 waligombea viti 158, na wabunge wengi wa zamani waliangushwa, baadhi yao mawaziri. Katika viti hivyo 158, mwanamke mmoja tu alishinda. Alitoka Kisumu, mji uliokuwa bado unazika watu wake.

Tunaweza kubishana kwa nini wapiga kura walimchagua. Maoni yetu ni kwamba walikuwa wamemwona kazini. Hakuwa mgeni aliyeshuka kutoka Nairobi na gari na fedha. Alikuwa ameongoza baraza lao katika miaka ambayo mji ulivutwa huku na huku na vyama viwili, na bado watu wangeweza kumfikia. Wakati ambapo viongozi wakubwa wa eneo walikuwa ama wamekufa ama wako kizuizini, mji ulihitaji mtu wa kuusemea ambaye tayari unamjua. Mara nyingi husemwa kwamba wapiga kura wa zamani hawakuwa tayari kwa kiongozi mwanamke. Wale wa Kisumu walikuwa tayari zaidi ya miaka 50 iliyopita, tena katika wakati mgumu kuliko wowote tuliowahi kuuona.

Bunge alilolikuta

Ni vizuri kujua pia Bunge lilikuwa limefanya nini kabla hajafika. Tangu mwaka 1959 kulikuwa na sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili alipe gharama za malezi. Mwezi Juni 1969 Bunge lilifuta sheria hiyo. Hoja iliyotolewa ni kwamba wanawake walikuwa wakiitumia kujitajirisha. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kusimama na kueleza gharama ya maziwa, karo na dawa. Kura ilipigwa, na kwa miongo mingi iliyofuata maelfu ya akina mama walilea watoto peke yao bila mahali pa kwenda kudai.

Haki hiyo ilirudi kikamilifu kupitia Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, kinachosema kwamba wazazi wote wawili wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Leo mama au baba anayelea peke yake anaweza kwenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na kuomba amri ya malezi. Kutoka 1969 hadi 2010 ni miaka 41. Mtoto aliyezaliwa wiki ambayo sheria ile ilifutwa alikuwa na watoto wake mwenyewe, pengine wajukuu, ndipo Katiba ikatamka hivyo.

Mama Grace aliingia katika ukumbi huo kama mwanamke pekee aliyechaguliwa. Jemimah Gecaga, ambaye alikuwa amewahi kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni mwaka 1958, alikuwepo kama mbunge wa kuteuliwa. Kwa hiyo walikuwa wawili katika nyumba ya wanaume. Mama Grace pia alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika, akiongoza vikao kama Naibu Spika wa muda. Yeyote aliyewahi kutazama vikao vya Bunge kwenye televisheni anajua kwamba kila mbunge, hata awe mkali namna gani, lazima ageukie kiti hicho kabla ya kusema neno. Mazoea ya Bunge yalikuwa yamejengwa juu ya "Bwana Spika".

Uchaguzi wa mwaka 1974 ulimletea wenzake. Nyiva Mwendwa alichaguliwa kutoka Kitui, Julia Ojiambo kutoka Busia na Chelagat Mutai kutoka Eldoret North. Dkt. Ojiambo akawa waziri msaidizi wa kwanza mwanamke. Nyiva Mwendwa, baada ya kusubiri miaka 21, akawa waziri wa kwanza mwanamke mwaka 1995. Chelagat Mutai, aliyekuwa na umri wa miaka ya ishirini tu, alifungwa jela mwaka 1976 na baadaye akakimbilia Tanzania. Baadaye akaja Phoebe Asiyo wa Karachuonyo. Inafaa kusema wazi kwamba kufunguliwa kwa mlango hakukumaanisha njia ya ndani ilikuwa laini. Mswada wa ndoa uliokusudiwa kuwapa wanawake ulinzi zaidi ulikataliwa na Bunge mwaka 1976, ukarudishwa mwaka 1979 na kukataliwa tena. Kenya ilipata Sheria ya Ndoa iliyounganisha aina zote za ndoa mwaka 2014.

Mama Grace aliwakilisha Kisumu Town kwa vipindi vitatu, hadi uchaguzi wa mwaka 1983. Eneo bunge lenyewe limegawanywa tangu wakati huo, na sehemu kubwa ya mji leo iko Kisumu Central.

Viti vya leo vinahesabiwaje?

Hapa ndipo maswali mengi hujitokeza kila tunapofanya mikutano ya wananchi. Mtu husimama na kuuliza: hawa wawakilishi wa kuteuliwa katika Bunge la Kaunti wametoka wapi, nani aliwachagua, na kwa nini ni wengi?

Jibu liko katika Katiba. Kifungu cha 27 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa havina zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Kwa Bunge la Kaunti, Kifungu cha 177 kinaonyesha njia ya kutimiza hilo: baada ya uchaguzi, viti maalum huongezwa hadi sharti hilo litimie.

Tuchukue mfano wa kubuni wa hesabu tu. Kaunti ya Kisumu ina wadi 35. Tuseme wapiga kura wamechagua wanaume 32 na wanawake 3. Wanaume 32 hawaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya Bunge. Kwa hiyo Bunge lazima liwe na angalau watu 48, na kati yao wanawake 16. Watatu wamekwisha kuchaguliwa, hivyo viti 13 vinaongezwa. Viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na idadi ya wadi ambazo kila chama kimeshinda, na majina hutoka katika orodha ambazo vyama viliwasilisha kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, kabla ya uchaguzi. Mbali na hivyo kuna viti vya makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana, ambavyo hatujavitia katika hesabu hii.

Sasa tubadilishe mfano. Tuseme wapiga kura hao hao wamechagua wanaume 23 na wanawake 12. Wanaume 23 kati ya 35 hawafiki theluthi mbili. Viti vya kuongeza kwa ajili ya jinsia ni sifuri.

Wengi hulalamika kwamba wawakilishi wa kuteuliwa wanaongeza gharama ya mishahara, na malalamiko hayo si ya bure. Lakini idadi yao haitoki Nairobi wala katika ofisi ya gavana. Inatoka ndani ya sanduku la kura la wadi. Kila mwanamke anayechaguliwa wadini hupunguza viti vya kuongezwa, kwa njia mbili kwa wakati mmoja: anaongeza idadi ya wanawake na anapunguza idadi ya wanaume.

Kuna tofauti nyingine ambayo wananchi huihisi bila kuitaja. Mwakilishi wa kuteuliwa ana kura Bungeni sawa na mwenzake wa kuchaguliwa. Anaweza kuleta hoja, kukaa katika kamati na kuhoji matumizi ya fedha. Lakini hana wadi. Mama wa Nyakach au Muhoroni mwenye daraja lililosombwa na maji hatajua amtafute yupi kati ya wale walioteuliwa. Na aliyeteuliwa anajua kwamba jina lake liliwekwa kwenye orodha na chama, hivyo chama ndicho anachokiangalia. Mama Grace hakuwahi kuwa na tatizo hilo. Alikuwa na eneo, na eneo lilikuwa na yeye.

Katika ngazi ya taifa, Katiba iliweka viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, kimoja kwa kila kaunti. Kisumu imemchagua Rose Nyamunga mwaka 2013, Rosa Buyu mwaka 2017 na Ruth Odinga mwaka 2022. Hapa kuna jambo la kufurahisha kulifuatilia. Ruth Odinga alikuwa naibu gavana wa kwanza wa kaunti hii kabla ya kupata kiti hicho. Rosa Buyu naye alikiacha kiti hicho na mwaka 2022 akagombea ubunge wa Kisumu West dhidi ya wanaume, akashinda. Huenda hiyo ndiyo kazi bora ya viti hivyo: kumpa mgombea nafasi ya kuonekana akifanya kazi, kisha aende kugombea kiti cha kawaida, kama vile baraza la manispaa lilivyompa Mama Grace nafasi ya kuonekana.

Kwa nchi nzima, viti vya maeneo bunge ni 290. Wanawake walishinda 16 mwaka 2013, 23 mwaka 2017 na 29 mwaka 2022. Magavana wanawake hawakuwepo mwaka 2013, wakawa watatu mwaka 2017 na saba mwaka 2022, mmoja wao jirani yetu Gladys Wanga wa Homa Bay. Ni ongezeko, lakini 29 kati ya 290 ni kumi kwa mia tu. Bunge la Taifa halijapitisha sheria ya kutimiza theluthi mbili, na mwezi Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa.

Wanaotaka kugombea wajue nini?

Huwa tunapokea swali hili kutoka kwa akina mama wa vyama vya akiba na vikundi vya sokoni, mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya mkutano kuisha. Kugombea uwakilishi wadi kunahitaji uwe mpiga kura aliyesajiliwa na utimize masharti ya maadili na sheria za uchaguzi. Unaweza kupitia chama, au ukawa mgombea huru ukiungwa mkono na angalau wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Ada ya IEBC kwa kiti cha uwakilishi wadi imekuwa shilingi 5,000, na nusu yake, shilingi 2,500, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vyama hutoza ada zao kando, na hizo ndizo mara nyingi humvunja mtu moyo, uliza mapema. Mtumishi wa umma anayetaka kugombea anapaswa kujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi.

Ada ni sehemu ndogo ya gharama. Wanawake waliowahi kugombea watakueleza kuhusu mikutano inayoitishwa usiku, matusi mitandaoni yanayohusu ndoa na watoto wao badala ya sera zao, na maswali ambayo mwanamume haulizwi. Ruth Habwe alipojaribu kuingia Bungeni katika miaka ya kwanza ya Uhuru, aliambiwa arudi nyumbani akawapikie watoto wa Bwana Habwe. Lugha imebadilika kidogo tangu wakati huo. Matusi na vitisho dhidi ya mgombea ni makosa chini ya sheria za uchaguzi, na huripotiwa kwa polisi na kwa IEBC. Hifadhi ujumbe au picha ya maneno hayo kwenye simu, usifute kwa hasira.

Kwa wasiogombea, bado kuna njia za kusikika kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Ombi huandikwa kwa lugha ya heshima, likieleza tatizo, hatua ulizokwisha kuchukua na unachotaka Bunge lifanye, na hupelekwa kwa karani wa Bunge. Kikundi cha wauza samaki kinaweza kufanya hivyo kuhusu choo cha soko bila wakili. Bajeti nayo ina kalenda yake kila mwaka: mpango wa maendeleo hufikishwa Bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, makadirio kufikia tarehe 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Kabla ya makadirio kuidhinishwa, wananchi lazima wapewe nafasi ya kutoa maoni. Anayefika mwezi Mei akiomba mradi mpya huwa amechelewa. Mwezi Agosti, mpango unapoandaliwa, ndio wakati wa kusema.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Usajili wa wapiga kura hufanyika katika ofisi za IEBC za maeneo bunge yote saba ya kaunti: Kisumu East, Kisumu West, Kisumu Central, Seme, Nyando, Muhoroni na Nyakach. Nenda na kitambulisho cha taifa au pasipoti halali. Aliyehama wadi anaweza kuomba kuhamishwa kituo katika ofisi hizo hizo, na ni bure.